Shajara ya mradi: nguo popo na kiti cha chumbani

Mradi huu unahusu ile nguo uliyoivaa mara moja, ukaivua jioni, ukabaki nayo mkononi hujui pa kuiweka. Kabatini haifai kurudi, imeshavaliwa. Kapuni bado, haijachafuka. Basi inatupwa kitini. Nimeandika kila hatua ilipokamilika, pamoja na zile zilizoniharibikia, ili anayetaka kuiga aanzie nilipofika. Gharama nimezihesabu kwa saa, vifaa na nguo zilizopotea njiani, maana mbao na skrubu zilikuwa mabaki ya nyumbani.

Jumapili, 5 Januari: hesabu ya mwanzo

Kiti chenyewe ni cha mbao, kina mgongo mrefu, kinakaa kati ya kitanda na dirisha. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kukikalia. Leo asubuhi nimekipakua, nguo moja moja, nikazipanga kitandani. Zimetimia 31.

Nilidhani zote zitakuwa za aina moja. Wapi! Tisa zilikuwa safi kabisa: zilianuliwa kambani, zikawekwa hapo "kwa muda tu", zikafunikwa na nyingine. Nane zilikuwa chafu bila ubishi, ikiwemo soksi ya mguu mmoja ambayo sina neno la kuitetea. Zilizobaki 14 ndizo hasa zilizokuwa katikati. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mlima ule haikuwa na sababu yoyote ya kuwa pale. Chini kabisa nimekuta suruali ya kijivu niliyoamini niliisahau safarini. Imelaliwa hadi mikunjo imekaa kama imepigwa pasi, na mfukoni mna risiti iliyopauka haisomeki.

Binti yetu wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, hizo ni safi au chafu?"

"Si safi, si chafu."

"Kama popo," akasema. "Si ndege, si mnyama."

Jina limeganda. Kuanzia hapa nitaziita nguo popo. Lengo ni moja: ikifika Julai, kiti kikalike.

Muda: dakika 50.

Jumamosi, 11 Januari: kuondoa kiti, kisha sanduku

Jaribio la kwanza lilikuwa la kivivu. Nilikitoa kiti chumbani Jumatatu nikakipeleka sebuleni. Mke wangu alicheka. "Mume wangu, tatizo si kiti. Utaziweka kwingine." Jumatano lundo lilikuwa mguuni mwa kitanda. Alhamisi usiku nililipiga teke nikiwa usingizini, likahamia sakafuni. Ijumaa nikakirudisha kiti.

Leo nimeanza jaribio la pili: sanduku la plastiki lenye kifuniko, la kusukumwa chini ya kitanda. Utaratibu: vua, kunja, weka, funika. Chumba kinaonekana kama cha wageni. Nimefurahi mno, na mwenye kuisoma shajara hii ajue kwamba kila nilipofurahi mno siku ya kwanza, jambo lilikuja kuharibika.

Muda: dakika 20. Vifaa: sanduku lililokuwepo.

Jumatatu, 20 Januari: sanduku limeshindwa

Nimefungua kifuniko nikapokewa na uvundo wa tambara la kudekia. Nguo 11, zote zimeshika harufu ileile, hata blauzi ambayo mke wangu aliivaa saa mbili tu.

Kosa ni langu na linaelezeka. Jasho likitoka mwilini halina harufu ya kusema. Harufu inatengenezwa na bakteria wa ngozini wanapokula kilichomo kwenye jasho, na bakteria hao wanataka unyevu. Pamba hata ikiwa kavu mkononi ina maji kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na ikitoka mwilini ina zaidi. Mimi nimeichukua ingali na joto la mwili, nikaikunja ili hewa isipite, nikaifungia. Nisingeweza kuwafugia bakteria vizuri zaidi ya hapo. Halafu kulikuwa na shati langu lililonyeshewa kidogo begani. Nilijiambia litakauka lenyewe. Limetoka na vidoa vyeusi vya ukungu kwenye mshono wa bega, vidogo kama mbegu za ufuta.

Kuna kosa la pili ambalo halina harufu. Katika siku hizo tisa, ni siku tatu tu nilizokunja kweli. Siku nyingine nilivuta sanduku kwa mguu nikatupia. Mtu akivua nguo usiku, mkono umechoka. Unaweza kufanya tendo moja, labda mawili. Vua, kunja, vuta, funua, weka, funika, sukuma: hayo ni saba.

Nilichobakiza kama masharti ya jaribio lijalo: hewa ipite pande zote, na nguo iwekwe kwa tendo moja, gizani, kwa mkono mmoja.

Gharama: kufua nguo zote 11, na shati moja. Ukungu haukutoka.

Jumamosi, 25 Januari: kulabu za kubandika

Nimebandika kulabu sita za gundi ukutani, karibu na dirisha. Pakiti inasema kilo moja na nusu kwa kila moja. Nimepima nguo kwa mizani ya jikoni: jinzi gramu 710, sweta 540, jaketi 1,120. Hesabu inakubali. Dakika 15 tu, na nimetundika papo hapo.

Alhamisi, 30 Januari: saa tisa usiku

Kulabu ya jaketi imeng'oka, ikaiangukia ya pili, ya pili ikavuta ya tatu. Sauti yake gizani ni kama mtu anaingia dirishani. Mtoto wa kwanza amekuja mbio na rula mkononi.

Asubuhi nimekagua. Gundi haikuachia ukuta. Rangi ndiyo iliyoachia. Imebanduka vipande, kimoja kikubwa kama kiganja. Nilikosea mara tatu: sikufuta vumbi kabla ya kubandika, sikusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kutundika, na nilitundika jaketi kwenye ncha ya kulabu badala ya shina. Uzito ukikaa mbali na ukuta hauvuti chini tu, unafungua kulabu kwa juu kama unavyobandua stempu. Hizo kilo moja na nusu ni za mzigo uliotulia karibu na ukuta, si za jaketi linalorushwa kutoka kitandani.

Gharama: kulabu sita, saa mbili za kuziba na kupaka rangi, na usingizi wa watu wanne.

Jumapili, 9 Februari: ubao na skrubu

Kabla ya kutoboa safari hii nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: kwa siku tatu nilitazama nguo zinavuliwa wapi. Nilikuwa nafikiri ni dirishani, kwa sababu kiti kiko huko. Si kweli. Mke wangu huvua akiwa amesimama kati ya mlango na kitanda. Mimi huvua nikiwa nimekaa ukingoni, upande uleule. Kiti kilikuwa hatua nne kutoka hapo, na hatua hizo nne ndizo zilizofanya nguo zirushwe badala ya kuwekwa. Ubao umekwenda ukuta wa mlangoni, mkono ukinyooka unafika.

Ubao ni ubavu wa kitanda cha zamani: sentimita 140 kwa 12, unene 2.5. Kukata, kupiga msasa, kupaka vanishi na kupima kwa pimamaji ni kazi ya kawaida, sitaieleza. Kulabu kumi za chuma za ncha mbili, zimeachana sentimita 14, urefu sentimita 165 kutoka sakafuni.

Kilichonikwamisha ni tundu. Nilitumia ncha ya drili ya milimita 8 kwa plagi za milimita 6 (vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya ukuta), kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshafungwa kwenye drili na sikutaka kuibadilisha. Plagi ikawa inazunguka na skrubu. Nikajaribu kujazia vijiti vya kiberiti, ikashika kidogo, nikavuta kwa nguvu, ikatoka na vumbi. Dawa ilikuwa kutafuta plagi za milimita 8 na skrubu nene zaidi. Skrubu nne. Nimeuning'inia ubao kwa mikono miwili, miguu juu, umenibeba.

Muda: saa tano, moja na nusu kati ya hizo ni ya tundu. Vifaa: ubao wa bure, kulabu kumi, plagi na skrubu nne, vanishi nusu kopo.

Jumatano, 12 Februari: vanishi

Niliacha vanishi ikauke usiku mmoja. Kopo lilisema inakauka kwa kugusa baada ya saa sita, na mimi nikasoma "inakauka" nikaishia hapo. Kukauka kwa kugusa na kukomaa ni mambo mawili. Blauzi nyeupe ya mke wangu ilikaa imeegemea ubao usiku kucha, ikatoka na mstari wa kahawia mgongoni, mnyoofu kabisa, kama umechorwa kwa rula.

Hakusema kitu. Aliitundika upande wangu wa ubao, mstari ukitazama chumbani, ikakaa hapo siku mbili.

Marekebisho: nimetoa kila kitu, dirisha wazi, wiki nzima. Kipimo nilichotumia ni kitambaa cheupe kilichokandamizwa kwenye ubao kwa tofali usiku kucha. Kikitoka cheupe, tundika.

Gharama: blauzi moja na wiki moja ya kurudi kitini.

Jumapili, 2 Machi: nimejenga kiti cha pili

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa isomwe hata kama mengine yatarukwa.

Ubao unafanya kazi. Hautoki ukutani, hewa inapita, nguo inawekwa kwa tendo moja. Leo nimehesabu zilizopo: 27. Tulianza na 31. Nimetumia wiki nane na nimeokoa nguo nne.

Kulabu kumi za ncha mbili ni nafasi 20, na kila nafasi inapokea nguo mbili ukiisukuma. Zile za chini zilikuwa hazijaguswa tangu nilipotundika upya. Nyingine zilikuwa safi, kama kawaida. Nyingine chafu, kama kawaida. Nilikuwa nimelisimamisha lile lundo wima, basi.

Nafasi ilikuwapo tangu mwanzo, hata kitini. Nguo popo ni nguo ambayo uamuzi wake umeahirishwa. Saa nne usiku huwezi kuamua, kwa hiyo unaiweka mahali ambapo hakuna anayekuuliza. Ukiongeza kulabu, unaongeza mahali pa kutoulizwa. Kinachotakiwa ni mahali padogo kiasi kwamba nguo ya nne ikifika, ya kwanza lazima ijibu: kesho navaliwa, au naenda kapuni?

Nimeng'oa kulabu zote kumi. Badala yake nimeweka vigingi sita, vitatu vya mke wangu, vitatu vyangu. Nimevikata kutoka mpini wa ufagio wa zamani, wenye kipenyo cha milimita 22. Kila kigingi kinajitokeza sentimita sita tu. Urefu huo nimeufikia kwa kujaribu: kwenye sentimita tisa jinzi mbili zinakaa pamoja vizuri, kwenye saba zinakaa kwa kubembelezwa, kwenye sita ya pili inateleza na kuanguka. Kuanguka ndiko ninakokutaka. Tundu nimelitoboa kwa kuinamisha drili kidogo ili kigingi kitazame juu, la sivyo hata nguo ya kwanza itashuka. Ncha nimeiviringisha kwa msasa, kwa sababu kigingi cha kwanza nilikiacha na kona na kiliacha alama ndani ya kola ya shati, kama limechomwa na kidole.

Mke wangu ameuliza, "Na nikiwa na nguo nne?" Nimemwambia hana. Amenitazama. Tumekubaliana tujaribu mwezi mmoja.

Muda: saa tatu na nusu. Vifaa: mpini wa ufagio, gundi ya mbao. Kulabu kumi zimebaki kwenye droo; anayezitaka aje.

Jumamosi, 15 Machi: pua si ya kuaminiwa jioni

Idadi imekaa sita au chini kwa wiki mbili. Tatizo jipya ni la ubora: ni nani anasema nguo hii bado popo na hii imeshachafuka?

Nilikuwa nanusa nikivua. Jumanne nilinusa kwapa la shati la bluu, nikaona liko sawa, nikalitundika. Alhamisi asubuhi nikataka kulinyoosha kidogo. Pasi ilipopita kwapani, mvuke ukapanda na harufu ya kikwapa ikajaa chumba, nzito, kana kwamba shati limevaliwa wiki. Lilikuwa na harufu hiyo siku zote. Joto ndilo lililoitoa kwenye kitambaa. Na pua yangu ya jioni ilikuwa imekaa na jasho langu mchana kutwa, imeshalizoea.

Tangu hapo tunanusa asubuhi, nguo ikiwa imepoa na pua ikiwa imepumzika. Na kabla ya kunusa, bana kwapa la nguo ndani ya ngumi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi ili lipate joto. Ikipita mtihani huo, imepita kweli. Ikishindwa, kapuni, na usiipige pasi kabla ya kufua, kwa sababu joto hukaza madoa mengi.

Nilijaribu pia manukato. Usihangaike. Kwa nusu saa unanuka manukato, kisha unanuka manukato na jasho, ambavyo pamoja ni vibaya kuliko jasho peke yake.

Nilichogundua kwa kubana kwapa za nguo: zinazoshindwa ni zilezile. Fulana za poliesta hazipiti hata siku moja zikishatolewa jasho. Za pamba hupita mara nyingine. Sweta ya sufu hupita siku nne, tano. Poliesta hainywi maji, lakini mafuta ya mwili inayashika, na harufu inakwenda na mafuta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha jaribio la fulana za watu 26 waliokanyaga baiskeli za mazoezi kwa saa moja. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa aina ya Micrococcus walistawi zaidi juu yake. Kwa hiyo poliesta yenye jasho haigusi kigingi chetu. Soksi na nguo za ndani pia, wala hilo halijadiliwi. Vivyo hivyo nguo yoyote iliyovaliwa na mtu anayeumwa au aliyemuuguza mgonjwa.

Jinzi ni upande wa pili. Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alivaa jinzi miezi 15 bila kuifua, kisha akaifua na kuivaa siku 13. Idadi ya bakteria waliopimwa mara zote mbili ilikaribiana. Mimi sina moyo huo. Yangu inakaa kigingini siku tano au sita, magoti yakianza kutoka nundu naifua.

Jumapili, 6 Aprili: kola ya njano, na vibanio visivyosema kitu

Mtihani wa pua hauoni mafuta. Shati jeupe nililovaa mara moja kwenye sherehe lilikuwa likipita mtihani kila mara, kwa sababu nilikuwa silivai. Limening'inia wiki nne. Nililiinua kwenye mwanga wa dirisha: ndani ya kola kuna utepe wa njano. Mafuta ya shingo hayaonekani siku ya kwanza. Yakikaa hewani yanabadilika rangi na kujishikiza. Nimeloweka, nimesugua, limepungua bila kuisha. Shati hilo sasa ni la ndani ya sweta.

Kumbe nguo popo inahitaji pia siku ya mwisho. Nilijaribu kuhesabu mavazi kwa vibanio vya rangi: kijani mara ya kwanza, njano ya pili, nyekundu ya tatu. Kwa wiki mbili hakuna aliyekumbuka kubadilisha, na mtoto wa kwanza alivichukua vyote akaunganisha treni. Nimeviacha kwenye treni.

Kilichoshika ni kitu kisicho na hesabu. Jumamosi jioni vigingi vyote viwe vitupu. Kila kilichopo kinanuswa, kinatazamwa kwenye mwanga, kisha kinakwenda kapuni au, kikiwa cha sufu au jinzi, kinapata wiki moja nyingine. Hakuna kigingi kinachovuka Jumamosi mbili na nguo ileile. Inachukua dakika sita kwa watu wawili, na mifuko inapekuliwa hapohapo. Hadi sasa tumepata kalamu mbili, funguo za sanduku la barua, na jino la maziwa limefungwa kwenye karatasi.

Jumamosi, 26 Aprili: sweta imeota nundu

Kigingi ni kizuri kwa suruali na mashati. Kwa nguo ya kufuma ni kibaya. Sweta yangu ya kijani imening'inizwa kwa ukosi siku nyingi na sasa ina nundu nyuma ya shingo, na mikono imefika vidoleni. Niliilowesha, nikailaza bapa juu ya taulo, nikaisukuma irudi kwa viganja. Mikono imerudi. Nundu imebaki, ndogo.

Marekebisho: fito nyembamba chini ya ubao, sentimita 40, imekaa juu ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa vijino. Sweta inakunjwa mara moja katikati na kulazwa juu yake. Ni moja tu inayoenea. Nimejifunza.

Kilichonisukuma kuharakisha ni tundu nililolikuta kwenye skafu ya sufu ndani ya kabati. Mabuu wa nondo wa nguo ndio wanaokula sufu, si nondo wenyewe wanaoruka, na wanapendelea iliyo na jasho na unga wa ngozi. Mwaka jana, kabla ya mradi, nilikuwa narudisha skafu kabatini kila jioni baada ya kuivaa. Nilikuwa nawapakulia. Sufu zote zimefungwa kwenye mifuko na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na droo imefutwa hadi kwenye pembe. Sasa sufu iliyovaliwa hairudi droo moja na iliyofuliwa, hata kwa usiku mmoja.

Muda: saa moja na nusu. Gharama: skafu.

Jumapili, 1 Juni: ubao wa watoto, umewekwa na kuondolewa

Nilijenga ubao mdogo chumbani kwa watoto, sentimita 95 kutoka sakafuni, vigingi viwili kwa kila mtoto. Binti aliutumia kwa nidhamu siku tatu, kisha akaanza kutundika midoli kwa miguu, vichwa chini. "Popo wa kweli, baba." Kaka yake hakuutumia kabisa.

Nilikasirika, halafu nikachunguza nguo zenyewe. Karibu zote za mtoto wa miaka saba na kumi zikivuliwa jioni ni chafu: magotini udongo, mikononi gundi, kifuani chakula. Hawana nguo popo. Nilikuwa nimewajengea suluhisho la tatizo langu. Wanachorudia kuvaa ni sweta na nguo za kulalia, na hizo zinatoshea kwenye kigingi kimoja nyuma ya mlango. Ubao umeshushwa. Matundu manne ya kuziba.

Muda uliopotea: saa mbili na robo.

Jumapili, 6 Julai: hesabu ya pili

Nguo kwenye vigingi leo: tano. Sakafuni: hakuna. Kitandani: moja, yangu, na nimeihamisha kabla ya kuandika mstari huu.

Ufuaji umeshuka kutoka mizunguko mitano kwa wiki hadi minne. Nilitarajia mitatu. Nguo tunazookoa kwa kuvaa mara ya pili ni nyingi, ila zile ambazo zamani zingejificha kitini mwezi mzima sasa zinakwenda kapuni kila Jumamosi, kwa hiyo upande mmoja unapunguza na mwingine unarudisha kidogo.

Jumla ya kazi, pamoja na kubomoa, ni kama saa 18. Nikianza leo kwa ninachokijua ingekuwa saa nne: ubao, vigingi sita vya sentimita sita, fito moja, na wiki ya kusubiri vanishi. Nguo zilizopotea kabisa ni tatu, yaani shati la ukungu, blauzi ya mstari na skafu. Zilizoumia ni mbili: shati jeupe na sweta ya kijani, na zote ninazivaa. Blauzi nimeilipa kwa nyingine, na mke wangu amechagua mwenyewe.

Kisichotatuliwa ni makoti ya mvua. Hayakauki haraka, hayatoshi kigingini, na kwa sasa yananing'inia bafuni juu ya ndoo. Mke wangu pia anashikilia kuwa anahitaji kigingi cha nne. Ana hoja, kazi yake ina mavazi ya aina mbili kwa siku. Nimekata kipande cha mpini na kukipiga msasa, ila bado sijatoboa.

Kiti kimerudi mahali pake dirishani na kinakaliwa, hasa na anayevaa viatu. Juzi nimekuta juu yake mwavuli na mkoba.

Kigingi changu cha tatu kimeanza kulegea. Kesho nitakitoa, nisafishe tundu, nitie gundi upya, na nitakiacha saa 24 kamili kabla ya kukitundikia kitu. Safari hii kweli.